Picha Zenye Kina, na Vyombo vya Kuzitazamia

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo ambacho wengi wenu mmepata kukiona utotoni, nacho ni kile chombo cha kutazamia picha kwa macho mawili, kinachotiwa kisahani cha karatasi ngumu chenye vijipicha vingi pembezoni mwake. Mtu hukiweka machoni, akaelekea penye nuru, akabonyeza kishikio cha upande wa kuume, na mara mbele yake husimama simba, au mnara, au maporomoko ya maji. Wala hayo hayakulala bapa kama picha ya gazetini, bali yamesimama kwa kina, moja mbele na jingine nyuma, hata mtu hudhani kwamba akinyoosha mkono atayagusa.

Twajua wako watakaosema, Mwalimu amekosa la kusema, sasa atueleza habari za vitu vya watoto. Tunawaomba wavumilie kidogo. Sisi tumekusanya vyombo hivi na visahani vyake kwa muda wa miaka kumi na zaidi, hapa Ruanda katika Mbinga, mahali ambapo mtu akisikia neno la kukusanya hufikiri kahawa au makaa ya mawe. Nasi tumeona kuwa katika kitu hiki yamo mambo ya elimu, na mengine yasiyo ya elimu tu.

Kwanza na tueleze jinsi kinavyofanya kazi, kwa maana asiyejua jambo hilo hawezi kujua kisahani kizuri na kibovu. Inua kidole chako mbele ya pua. Fumba jicho la kushoto, utazame kwa la kuume. Kisha fumba la kuume, utazame kwa la kushoto. Utaona kidole kimeruka mahali pake, ilhali hukukisogeza. Sababu yake ni kwamba macho yetu yameachana kadiri ya sentimeta sita na kitu, na kwa hiyo kila jicho laona picha yake, zinazopishana kidogo. Akili huzichukua hizo picha mbili na kuzifanya moja, na katika tofauti yake ndogo hupata habari ya umbali. Basi mtu akipiga picha mbili za kitu kimoja, kwa lenzi mbili zilizoachana kama macho yalivyoachana, kisha akalipa jicho la kushoto picha ya kushoto peke yake, na jicho la kuume picha ya kuume peke yake, akili itadanganyika ione kitu chenyewe. Sisi twaziita picha pacha.

Wa kwanza kulieleza jambo hili kwa chombo alikuwa Charles Wheatstone wa Uingereza, mwaka 1838. Chombo chake kilikuwa cha vioo viwili vya kujitazamia, na picha zake zilikuwa za kuchorwa kwa mkono, kwa kuwa habari za upigaji picha zilikuwa hazijatangazwa ulimwenguni. Zilitangazwa mwaka uliofuata. Miaka kumi na mmoja baadaye Mskoti David Brewster alifanya kisanduku kidogo chenye lenzi mbili, na katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 Malkia Victoria alikiona, akapendezwa nacho. Tangu hapo kila mwenye nacho alitaka kuwa nacho sebuleni. Mwaka 1861 daktari mmoja wa Marekani, Oliver Wendell Holmes, alibuni chombo chepesi cha kushika mkononi, chenye mpini chini na kipande cha mti cha kuwekea kadi, wala hakutaka kujipatia haki ya peke yake juu ya ubunifu huo. Kwa ajili hiyo kila fundi aliweza kukitengeneza, na bei ikashuka. Fundi seremala wetu wa hapa kijijini naye amekitengeneza, kama tutakavyoeleza.

Kadi za picha pacha za zamani hizo zilikuwa na upana wa sentimeta kumi na nane, kimo nusu yake. Kampuni iliyojulikana sana ilikuwa Underwood & Underwood, iliyoanza mwaka 1881 katika mji mdogo wa Kansas; na ya pili Keystone View Company ya Pennsylvania, iliyoanza mwaka 1892. Ukiipata kadi ya Underwood, igeuze nyuma: mara nyingi utakuta jina la picha limeandikwa kwa lugha sita za Ulaya. Mpiga picha alisafiri ulimwengu mzima, akapiga picha za watu wa kila rangi, na wale aliowapiga picha hawakuhesabiwa miongoni mwa watakaozisoma.

Jambo hili lilianza mapema katika nchi zetu. Livingstone alipofika kwenye Ziwa Nyasa mwaka 1859, ndugu yake Charles alikuwamo katika msafara ule, naye ndiye aliyepewa kazi ya kupiga picha. Mwaka 1860 James Augustus Grant, kabla ya kuingia bara pamoja na Speke, alipiga picha pacha mjini Unguja. Alipokwisha kuingia bara aliiacha kamera akachora kwa mkono. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda Afrika ya Mashariki mwaka 1909, Underwood waliuza picha pacha za safari yake, na watu wa Marekani wakakaa majumbani mwao wakamtazama tembo aliyeuawa kana kwamba amelala kwenye zulia lao.

Na kabla ya hayo yote, Livingstone huyo huyo alikuwa amechukua taa ya kuonyeshea picha ukutani. Mwaka 1854, katika mji wa mfalme Shinte, nchi ya Walunda, aliwaonyesha watu Ibrahimu akiinua kisu juu ya Isaka. Alipoanza kukiondoa kile kioo cha picha, wanawake walidhani kisu kinawajia wao, wakakimbia wote. Tunapowasimulia wanafunzi wetu wa ualimu kisa hiki hucheka. Ndipo tunapowapa kile chombo machoni na kisahani chenye nyoka mwenye kichwa kilichonyoshwa mbele. Bado hatujamwona mmoja asiyerudisha kichwa nyuma.

Sasa tuje kwenye visahani. Visahani vyenyewe ni vya jina la View-Master, na chanzo chake ni mtu aitwaye William Gruber, fundi wa vinanda aliyezaliwa Ujerumani na kuhamia Marekani, aliyependa kupiga picha. Alishirikiana na Harold Graves wa kampuni ya Sawyer's, mjini Portland katika Oregon, nao walikitoa chombo chao hadharani mwaka 1939. Werevu wake ulikuwa huu: badala ya kadi kubwa ya karatasi, walichukua filamu ya rangi ya Kodachrome, iliyokuwa imeanza kuuzwa mwaka 1935, wakaikata vipande vidogo mno, wakavipanga kumi na vinne katika duara moja. Kumi na vinne hivyo ni mandhari saba, maana kila picha na pacha wake hukaa pande mbili zinazoelekeana. Ukibonyeza kishikio, duara hugeuka hatua moja, na jozi nyingine hushuka mbele ya macho. Katika vita kuu ya pili majeshi ya Marekani yalinunua vyombo hivi kwa wingi ili kuwafundisha askari wao, kwa mfano kutambua ndege na kukadiria umbali.

Anayeanza kukusanya yampasa kujua aina za vyombo kwa herufi zao. Model A, cha kwanza kabisa, hufunguka kama kitabu, na hupindika upesi kwa joto. Kikiwa kizima ni bahati. Model B nacho hufunguka, lakini ni kigumu zaidi. Model C, kilichoanza mwaka 1946, hakifunguki. Kisahani huingizwa kwa juu katika mwanya. Hiki ndicho twakipendekeza kwa mwalimu yeyote, kwa sababu kimetengenezwa kwa bakelaiti nzito, na ndani yake hamna mengi ya kuharibika. Mtoto aweza kukitumia miaka mingi, ila asikiangushe juu ya sakafu ya saruji, kwa maana bakelaiti haipindiki, hupasuka. Vya baadaye ni vya plastiki, vyepesi, na vya thamani ndogo kwa mkusanyaji, ingawa macho hayajali. Msidhani pia kuwa vyote vilitoka Marekani. Vilitengenezwa Ubelgiji na India vilevile, na kimoja tulicho nacho kimeandikwa India chini yake.

Katika visahani, tazameni rangi kwanza. Kampuni ya Sawyer's ilinunuliwa na GAF mwaka 1966, na vingi vilivyotengenezwa katika miaka ya 1970 vimegeuka vyekundu, hata bahari imekuwa kama mchuzi wa nyanya. Vile vya zamani zaidi, vya Kodachrome, bado vina buluu na kijani chake. Hapa kikuu kimeshinda kipya, na mwuzaji asiyejua atakupa cha 1950 kwa bei ndogo kuliko cha 1975 kwa sababu eti kimechakaa kwa nje. Pili, nuseni. Filamu inayooza hutoa harufu ya siki. Kisahani chenye harufu hiyo kitengwe na vingine. Tatu, tazameni kama kuna utando mfano wa buibui, maana huo ni ukungu, nao ndio adui mkubwa wa sisi tukaao karibu na ziwa. Sisi huweka visahani vyetu katika bati la biskuti pamoja na vile vifuko vidogo vya kukaushia unyevu vinavyokuja ndani ya makasha ya viatu vipya. Msifute filamu kwa mate, wala kwa pindo la kanga. Mtu mmoja tuliyempa kisahani atazame alikifuta kwa mate mbele ya macho yetu, kwa nia njema kabisa, nasi tukashindwa kula chakula cha mchana.

Mwaweza kuuliza, chombo hiki chafaa nini darasani? Tutawapa mfano mmoja wa kwetu. Ninyi mnajua kilimo cha ngoro cha Wamatengo: mkulima hulaza nyasi zilizofyekwa kwa mistari inayokatana mtelemkoni, kisha huchimba udongo wa katikati na kuzifunika zile nyasi, hata mlima wote ukawa na mashimo kama sega la nyuki, na maji ya mvua hukaa shimoni yasichukue rutuba. Katika picha ya kawaida ngoro huonekana kama alama tu zilizochorwa juu ya ukuta. Mwanafunzi aliyetoka pwani hawezi kujua kama hayo ni mashimo au vichuguu. Tulipiga picha mbili, moja hapa, nyingine tukisogea kuume kwa upana wa kiganja, tukazigandisha kwenye kadi, alipoziangalia katika chombo alisema, "Kumbe ni shimo la kuingia mtu mpaka magotini!" Lakini ile milima ya mbali, kama ya Livingstone, hubaki bapa hata katika chombo, kwa sababu sentimeta sita si kitu mbele ya safari ya kilometa nyingi. Wapimaji wa ardhi waliishinda shida hiyo kwa ndege: ndege hupiga picha moja, ikaenda mbele, ikapiga ya pili, na umbali kati ya hizo mbili ukawa kama macho ya jitu. Ramani nyingi za 1:50,000 za nchi yetu, zilizoanza kufanywa baada ya vita kuu ya pili, zilitokana na picha za namna hiyo zilizotazamwa kwa stereoskopu, na mistari ya kimo cha milima ikachorwa kwa njia hiyo.

Mfano wa pili si wa kuchekesha. Palikuwa na kijana mmoja katika darasa letu ambaye kila alipopewa chombo alisema, "Nzuri sana, Mwalimu," akakipitisha kwa mwenzake upesi. Siku moja tulimwuliza, katika picha hii kipi kiko mbele, ndoo au mbuzi? Akanyamaza. Alikuwa amejibu kwa kuwaiga wenzake muda wote. Tulimpeleka kwa daktari wa macho, akaambiwa kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa dhaifu tangu utotoni, na akili imezoea kuliacha. Hakujua kamwe kwamba wengine wanaona zaidi. Kampuni ya Keystone tuliyoitaja iliuza zamani kadi maalumu za kupimia macho ya wanafunzi kwa njia hii hii. Tangu siku ile, kila mwaka mpya huwapa wanafunzi wetu wote chombo, na kuwauliza swali la ndoo na mbuzi, mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa.

Na sasa tuseme neno la huzuni. Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, palikuwa na kasha zima la visahani vilivyoachwa na walimu wa zamani. Tuliambiwa habari zake tukapanga kwenda wakati wa likizo. Tulipofika, ghala lilikuwa limesafishwa juma lililotangulia, na "takataka" zote zimechomwa. Tulipekua jivu kwa kijiti. Kilichobaki kilikuwa nusu ya chombo kimoja, kimepasuka kwa moto, lenzi zimekuwa nyeupe kama jicho la samaki aliyepikwa. Hatujui vilikuwa visahani vya nini. Hatumlaumu aliyechoma, hakuna aliyemwambia kuwa ni vitu. Lakini usiku ule hatukulala.

Pengine ndiyo sababu tulifanya tuliyoyafanya baadaye. Mwaka 1952 Sawyer's walitoa kamera ya watu wa kawaida, iliyomwezesha mtu kupiga picha pacha zake mwenyewe, akazikata kwa kikatio maalumu na kuzichomeka katika kisahani kitupu. Kwa mkusanyaji visahani hivyo ndivyo bora kuliko vyote, kwa kuwa vile vya dukani vilichapwa kwa maelfu, na hivi kila kimoja ni cha pekee. Sisi tulikipata kimoja tu maishani mwetu, mjini Songea, kwa mwuza vitu vikuukuu, ndani ya kasha la viatu. Juu yake palikuwa na neno moja kwa penseli: Nyasa.

Picha ya kwanza ilikuwa meli kando ya ufuko, ambayo tuliitambua kwa umbo kuwa ni Ilala. Nayo ilianza kazi ziwani mwaka 1951, basi picha haikuweza kutangulia mwaka huo, wala ule wa kamera yenyewe. Ya pili ilikuwa lile jiwe la Liuli lifananalo na sanamu ya Misri, ambalo kwa ajili yake Wajerumani waliita bandari ile Sphinxhafen. (Hapo ndipo meli ya Waingereza Guendolen ilipoishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, mwezi wa Agosti 1914.) Tunayo pia kadi ya Underwood ya Sphinx yenyewe ya Misri, na mara nyingi tumeziweka pamoja. Picha ya tatu ilikuwa ya mwanamke mbele ya kichanja cha kuanikia usipa. Ameinama kidogo, mkono mmoja umo katikati ya samaki, naye anatazama kando, kama aliyeitwa na mtu tusiyemwona. Nyuma yake mtoto. Picha nne zilizosalia zina ukungu.

Tulizipiga picha zote kwanza, kila kipande peke yake juu ya nuru nyeupe, ili isije ikatokea tena habari ya jivu. Kisha tukateremka kwa njia ya Lituhi, katikati ya malori ya makaa, tukafuata ufuko kwenda kusini, tukiuliza wazee kijiji kwa kijiji. Karibu na Liuli walituelekeza kwa bibi mmoja aliyepita miaka themanini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wasema umeleta picha?"

Tulimshikia chombo, kwa sababu mikono yake ilitetemeka, tukambonyezea kishikio. Meli aliipita bila neno. Jiwe alilicheka. Kwenye ya tatu alinyamaza muda mrefu, hata tukadhani haoni. Kisha mkono wake wa kuume uliinuka taratibu, ukapita mbele ya chombo, vidole vikatafuta hewani, mahali pale ambapo mtu huona kichanja kinaanzia.

"Huyu ni mama," akasema. "Nami niko nyuma yake. Ile nguo naikumbuka."

Wajukuu wakakusanyika. Tukafahamishwa kwamba mama yake alifariki zamani, kabla ya Uhuru wa 1961, na kwamba hakuna mtu wa nyumba ile aliyepata kuwa na picha yake yoyote. Bibi hakukiacha chombo. Baadaye akauliza, bila kukitoa machoni, "Mwalimu, kitu hiki ni cha nani?"

Swali lile tulilijibu polepole, twakiri. Mkusanyaji ana moyo wa choyo, na hicho kilikuwa cha pekee. Tulimwambia kwamba kilikuwa chetu hadi asubuhi ile. Tukamwachia kisahani, na Model C yetu iliyo nzuri kuliko zote, tukamweleza mjukuu wake mkubwa habari za bati na vifuko vya kukaushia. Nyumbani tulizigandisha nakala zetu juu ya kadi, na seremala akatutengenezea chombo cha namna ya Holmes kwa mti wa mninga na lenzi mbili za miwani ya kusomea. Ndicho tunachotumia darasani. Rafiki yetu mmoja, mkusanyaji mwenzetu, alitukaripia kwa barua ndefu, akisema kwamba nakala ndiyo iliyostahili kubaki Liuli. Hatujamjibu.

Januari iliyopita tulipita tena. Bati lilikuwa mahali pake, na vifuko vimo. Kisahani kimechafuka kwa vidole, hasa upande wa namba tatu, na karatasi imeanza kulegea pale. Tulichukua gundi yetu mkobani, tukaitengeneza kidogo, tukiwa tumekaa kwenye mkeka nje, na Bibi akitutazama mikono asiondoe jicho.